Iliyosomwa na Iliyotumwa

4 Februari

Kwa Baba mpendwa,

Shikamoo. Barua yako ya mwaka mpya imefika imelowa upande mmoja, ila maneno yote yamesalimika, pamoja na yale uliyomtukania tarishi. Mimi mzima. Kazi ndiyo inanila.

Umeniuliza tena tunatengeneza nini, maana Shangazi anawatangazia majirani kwamba binti wa kaka yake anaunda bomu. Mwambie aache. Tunasanifu kinu kidogo cha nyuklia. Kazi yake ni kuchemsha maji tu, kama boila lako, ila bila makaa na bila moshi. Kinu kizima kinakaa ndani ya pipa la chuma lenye upana wa mita tatu. Kinabebwa na trela, kinawekwa palipokuwa na boila kuukuu, na mvuke wake unaendesha mitambo ile ile ya kufua umeme iliyokutia uziwi. Ninakichora nikiwa na kituo chako cha zamani cha umeme kichwani. Wenzangu wanadhani ni mahali pa mfano tu.

Sasa kifua. Shangazi amechomekea mstari mmoja chini ya barua yako, kwamba nesi wa zahanati amekupa kibanio cha kidole, kile cha kupimia hewa kwenye damu. Wewe hukusema. Baba, simu huisikii, na maneno yako ninayajua: "sijambo kidogo" kwako inaanzia mafua inaishia kuvunjika mguu. Kwa hiyo sitaki maneno, nataka namba. Kila barua, niandikie kibanio kinasomaje. Ikishuka chini ya tisini ninafunga mkoba siku hiyo hiyo. Kazi itanisubiri.

Mwanao,
Geji

*

17 Februari. Saa 12 asubuhi. Joto la chumba 23. Kibanio 95.

Kwa Geji,

Marahaba. Umeona hapo juu? Nimeanza kama kitabu cha zamu, usije ukasema mzee anakuficha.

Umenikumbusha mbali. Ulikuwa hujanifika kiunoni, vijana wa zamu wakakubandika jina la Geji kwa sababu ulikuwa unakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, unaitumbulia macho geji ya mvuke na mshale wake kama imekuahidi kitu. Nilikufundisha mambo matatu pale. Usiandike namba usiyoiona kwa macho yako. Mshale usiotikisika umekufa, ugonge kioo kwa kidole, maana boila lililo hai halitulii hata likilala. Na zamu haiachwi mpaka anayekupokea atie sahihi. Hilo la tatu hukulipenda kamwe, na sababu naijua.

Sasa nikuulize mimi. Makaa nikitaka kuyazima nafunga hewa, moto unakufa, naenda zangu. Hicho chenu mkikizima, joto linakwenda wapi?

Shangazi ameshusha madai. Sasa anasema unaunda jiko.

Baba yako,
Fundi Boila (mstaafu, wanavyosema wao)

*

3 Machi

Kwa Baba,

Shikamoo. Tisini na tano, nimeshukuru. Hilo la tatu tuliache lilipo.

Swali lako ndilo linalotupa mishahara. Kinu ukikizima hakipoi. Dakika ile ile bado kinatoa joto kiasi cha sehemu sita au saba katika mia. Kesho yake kinatoa nusu ya sehemu moja, na kadiri siku zinavyokwenda linapungua, lakini haliishi upesi. Lisipoondolewa linayeyusha kila kitu. Vinu vikubwa huliondoa kwa pampu. Sisi tumekataa pampu, kwa sababu pampu hukatikiwa umeme. Tumeacha maji yafanye kazi yenyewe: yakipata moto yanakuwa mepesi, yanapanda, yanapoa huko juu, yanashuka kando, yanarudi. Basi. Hakuna wa kuwasha wala wa kusahau kuwasha.

Tabu ni urefu. Maji yanahitaji mita za kutosha za kupanda, la sivyo yanazunguka kivivu. Tumeipa kompyuta kazi ya kutafuta umbo bora, imejaribu maumbo elfu arobaini, na kila mara inarudi na jibu lile lile: pipa likatwe kutoka mita kumi na nne liwe kumi na mbili, ili trela lipinde kwenye kona za barabara nyembamba. Meneja wetu ameipenda. Mimi sijaikubali. Mwezi wa sita tutajaribu mfano wa ukubwa kamili. Hatutaweka urani, tutaweka hita za umeme zitoe joto lile lile, tukate kila kitu, tuone kama maji yatazunguka yenyewe siku tatu. Mimi ndiye niliyepewa kuongoza jaribio hilo.

Namba zako nazisubiri.

Geji

*

18 Machi. Saa 12 asubuhi. Joto la chumba 24. Kibanio 95.

Kwa Geji,

Kompyuta yenu haijawahi kufika kwenye lango la kituo chetu. Mimi nimefika, jana, na Shangazi wako na kamba yake ya kuanikia nguo. Tumeipima kona. Nguo amezitandaza kwenye viti, amenuna mpaka leo.

Sikiliza. Pipa la mvuke la boila namba mbili lilikuwa mita kumi na tano. Nililiona linaletwa, nilikuwa kijana. Lilipofika kona ya lango likagoma kupinda. Meneja wa wakati ule akataka likatwe. Fundi mkuu, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, akasema bomoeni ukuta. Wakabomoa. Siku tatu ukuta ukawa umesimama tena, na hadi leo matofali ya pale ni mekundu kuliko mengine, nenda kaangalie. Ukuta hujengwa tena, mwanangu. Maji hayapandi kwa kubembelezwa. Urefu ndiyo pampu yenu, msiukate.

Vipimo vya kona nimevichora nyuma ya karatasi hii. Njiani nilipumzika mara mbili, ukiuliza.

Usifikirie kuja sasa. Njoo na pipa lako.

Baba yako,
Fundi Boila

*

9 Aprili

Kwa Baba,

Shikamoo, na ukae kitako kabisa.

Nilikwenda kwenye kikao na karatasi yako. Nikawawekea mezani mchoro wako wa kona, na alama ya vibanio vya nguo bado inaonekana pembeni. Nikawaeleza habari ya matofali mekundu. Halafu mchoraji mkuu akacheka, akasema tumeiambia kompyuta kwamba kuta hazibomolewi, ndiyo maana ilikuwa inakata pipa. Tumeondoa sharti hilo. Pipa linabaki mita kumi na nne. Meneja ameuliza huyo mshauri ni wa kampuni gani. Nimesema amestaafu.

La pili. Wiki iliyopita tulikuwa tunajaribu mabomba. Kipimo cha mwendo wa maji kilisimama penye arobaini na moja, saa nzima, arobaini na moja, kila mtu anafurahi jinsi maji yalivyotulia. Mimi nikaona hapana. Nikasimamisha jaribio. Walininung'unikia. Tulipofungua tukakuta kipimo kimekwama, maji ya kweli yalikuwa kumi na tisa. Tungeendelea, hita zingeungua zote. Wakaniuliza nilijuaje, nikawaambia kwetu mshale usiotikisika umekufa.

Nilitoka pale nikiwa nimekukumbuka mno.

Geji

*

24 Aprili. Saa 12 asubuhi. Joto la chumba 22. Kibanio: Jumatatu 94, Jumanne 96, Jumatano 93, Alhamisi 95.

Kwa Geji,

Nimeisoma barua yako mara tatu. Nimemsomea na Shangazi. Siku hiyo nilikula vizuri.

Kuanzia sasa nakuandikia siku kadhaa pamoja, uone mwendo. Mwandiko usikushtue, kalamu hii ni ya bure, wametupa wagombea.

Nataka niseme jambo ambalo hatujawahi kulisema. Mama yako alipozidiwa, mwenzangu wa zamu hakuja kunipokea. Boila lilikuwa na presha ya juu, vali moja inavuja. Nilituma mtu hospitali, mimi nikabaki. Saa thelathini nilisimama nikingoja mtu atie sahihi. Alipokuja nilikimbia kwa miguu, nikakuta wamekwisha kumfunika. Ulikuwa na miaka tisa. Uliniuliza, "Ungeondoka lingepasuka?" Sikukujibu. Jibu ni kwamba sijui. Labda lingeua watu sita. Labda lingepoa tu. Miaka ishirini na mitano nalifikiria, na bado sijui.

Mtu akiwekwa mahali pa kuchagua namna hiyo, atakachochagua kitamla. Nisingependa wa kwangu yeyote asimamishwe pale.

Niambie siku hasa ya jaribio.

Baba yako

*

10 Mei

Kwa Baba,

Shikamoo. Barua yako nilitembea nayo siku nne kabla ya kujibu.

Nilikuwekea kinyongo, nisikudanganye. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikiamini kwamba boila ulilipenda kuliko sisi. Nilipoanza kazi hii ndipo nikajua maana ya mtu kusimama mbele ya chuma chenye joto na watu nyuma yake. Kinyongo kimeisha muda mrefu, nilikuwa sijui namna ya kukuambia. Na nimekuelewa unachonishauri: nisiache jaribio langu katikati. Sitaliacha.

Tunaanza tarehe mosi Juni, saa mbili asubuhi, saa sabini na mbili mfululizo. Nitalala humo humo. Simu zinabaki kwenye sanduku la langoni, kwa hiyo siku tatu hizo nitakuwa kiziwi kama wewe. Likiisha tu ninakuja, nimekwisha omba wiki mbili. Nitakuletea karatasi zote za vipimo uzikague kwa kalamu nyekundu.

Namba zako zinatikisika vizuri. Tisini na nne, tisini na sita, tisini na tatu. Moyo umetulia.

Geji

*

22 Mei. Kibanio 94.

Kwa Geji,

Leo kalamu ameshika Shangazi, vidole vyangu vimekaza. Nasema mimi, anaandika yeye, na ananikodolea macho kama nimemla kuku wake. Namba ya hapo juu nimeiandika kwa mkono wangu, amegoma, anasema tarakimu ndogo hazioni.

Kinyongo umesema kimeisha. Nimekuwa mwepesi.

Siku ya kwanza ya jaribio utaona maji yanasitasita. Usiogope, usiwahi kushika vali. Maji yana akili yake, yape muda yakumbuke njia.

Ukija, pitia kwenye lango uangalie yale matofali.

Baba yako,
Fundi Boila

*

19 Juni

Kwa binti yangu,

Sijui kuandika barua ndefu kama mlivyozoea ninyi wawili, utanisamehe.

Ulipokuja tulikuwa tumekwisha kumzika siku mbili nyuma. Ulinipa mkono kama unampa mgeni. Ulikaa siku tatu, ulifua mashuka yake, ukaondoka na maneno yako tumboni. Ulikuwa na haki ya kukasirika. Mimi ndiye niliyekuwa naye, na mimi ndiye niliyenyamaza. Lakini alinishika mkono na kuniapisha, na wewe unamjua kaka yangu, ukimkatalia alikuwa anaacha kula.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Kiniumbue, ila baada ya saa sabini na mbili." Ile siku ya kona tulikwenda na kigoda, ninakibeba mimi, na alikaa njiani mara kumi na moja. Zile nguo sikununia. Nilikuwa nalia, na yeye hasikii, kwa hiyo nililia vizuri.

Alikwenda siku ya pili ya jaribio lako, saa kumi jioni. Hapo nikapiga simu. Nilipiga mara kumi na mbili, nikijua kabisa iko kwenye sanduku. Asubuhi ile alikuwa ameniuliza, "Maji yanazunguka?" Nikamsogezea mdomo sikioni nikasema ndiyo. Mimi ningejuaje, mama? Nilisema ndiyo.

Nakutumia kitabu chake cha namba. Sikukupa ulipokuwa hapa kwa sababu niliogopa uso wako. Aliniagiza nisikifungue, lakini kilikuwa chini ya mto wake na mimi ni binadamu. Ukurasa wa mwisho una nafasi. Sikugusa.

Shangazi yako

*

2 Julai

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Kitabu kimefika.

Mwanzo nilikuwa na hasira na wewe. Sasa sijui niielekeze wapi. Nimekaa nacho kila siku nikitoka kazini, na leo nataka nikuandikie kilichomo, maana na wewe ulikuwa unasoma kwa kuibia.

Kila ukurasa ameuchora mistari kwa rula, kama kule kituoni. Safu ya kwanza, tarehe. Safu ya pili ameandika ILIYOSOMWA. Safu ya tatu, ILIYOTUMWA. Hata uongo wake aliuwekea kumbukumbu, Shangazi. Hakuweza kuacha. Tarehe 17 Februari, iliyosomwa 88, iliyotumwa 95. Kwa hiyo barua ya kwanza kabisa ilikuwa tayari chini ya tisini, na mimi nikajibu kwamba nimeshukuru. Siku ya kona, iliyosomwa 79. Tarehe 22 Mei, 71.

Februari na Machi safu ya tatu ni 95 tupu, kutoka juu hadi chini. Mimi niliyesimamisha watu kumi na wawili kwa sababu ya mshale uliosimama saa moja, nilipokea mshale uliosimama wiki nne kutoka kwa baba yangu na sikuugonga kwa kidole. Nilijisifu kwake juu ya mshale wangu katika barua ya Aprili. Na unajua alichoandika pembeni, siku barua hiyo ilipofika? "Mtoto ameshika somo. Kuanzia leo zitikisike." Ndipo zikaanza 94, 96, 93. Nami nikamwambia moyo umetulia.

Chini ya hapo kuna maandishi mengine, ya penseli: "Akijua atachagua. Mimi nilichagua, najua uzito wake. Huu sitamtwika."

Hakuwa na haki, Shangazi. Nimelia na nimemgombeza, peke yangu, kwa sauti, kwenye meza ya jikoni. Kuchagua kulikuwa kwangu. Ningekuja. Nina hakika ningekuja. Halafu nikikaa kidogo hakika ile inapungua, na ninajiuliza kama yeye aliiona inapungua tangu mbali. Hili ndilo linaloniuma kuliko yote.

Wewe sikulaumu tena. Ule mkono wa mgeni nisamehe.

Ukurasa wa mwisho nimeuona. Sijautia sahihi. Siwezi.

Geji

*

11 Julai

(ndani ya kitabu, ukurasa wa mwisho, chini ya mwandiko wake unaosema: "31 Mei. Nimekabidhi: Fundi Boila. Nimepokea: ............")

Baba,

Shikamoo. Taarifa ya zamu, kwa kuwa hukupewa.

Siku ya kwanza, saa tatu asubuhi, tulizima kila kitu. Maji yalisitasita dakika tisa. Kijana mmoja akanyoosha mkono kwenye vali nikaushika, nikamwambia yape muda yakumbuke njia. Yakakumbuka. Yalipanda, yakapoa, yakashuka, yakarudi, saa sabini na mbili, bila pampu na bila mkono wa mtu. Joto la juu kabisa lilikuwa nyuzi mia tatu na nne. Mshale ulikuwa unatikisika muda wote. Nimeuona kwa macho yangu, na hapa naandika iliyosomwa peke yake.

Siku ya pili, saa kumi jioni, mwendo wa maji ulikuwa thelathini na nane. Nimerudi kuiangalia karatasi ya saa hiyo. Hakuna alama yoyote. Nilikuwa nakunywa chai nimesimama.

Pipa linabaki mita kumi na nne. Kituo kitakachopewa kinu cha kwanza hawajakichagua, na huenda kisiwe chako. Matofali niliyapitia siku naondoka. Ni mekundu kweli.

Hapa penye nafasi nimepakwepa wiki mbili. Kwa kanuni yako, aliye zamuni haondoki mpaka anayempokea atie sahihi, nami nilitaka usiondoke. Lakini jana nikakumbuka zile saa thelathini ulizosimama mbele ya boila, unatazama mlango, unamngoja mtu asiyekuja. Sitakusimamisha hivyo mara ya pili.

Saa 12 asubuhi. Joto la chumba 19.

Nimepokea: Geji. Nenda kapumzike, Baba.